Alama ya Baba Imefunguliwa Ugenini

Al Mansoura, Doha
Ijumaa mchana

Mdogo wangu Mkawasi,

Kabla ya yote niambie Mama analalaje. Tulipoongea mara ya mwisho alisema bado anachemsha chai ya vikombe vitatu, anamimina vyote, kisha ndipo anakumbuka. Kama bado anafanya hivyo usimkataze. Hicho cha tatu kinywe wewe. Niambie pia kama goti lake limepungua uvimbe, na kama mvua imefika huko juu au bado inaishia Mwatate. Mimi mwili ni mzima. Joto limeanza kupungua, na mikono yangu haina jeraha.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliniuliza jambo moja tu, nami nimekaa wiki sita bila kukujibu: nitakuja lini kufungua alama ya Baba. Najua kila siku ninayonyamaza kibanda kinakaa baridi. Najua Baba Mdogo alikifunga kwa kufuli baada ya mazishi, akachukua kile chuma cha alama ambacho Baba alipigia kila kazi yake, akasema hakuna jembe wala mundu utakaotoka pale mpaka mtoto wa kwanza arudi na kulipiga pigo la kwanza. Najua watu wanakuja kutoka Wundanyi wakiulizia kazi ya Mzee na unawarudisha, nao wanakwenda kununua yale majembe ya kiwandani yanayopinda kwenye jiwe la kwanza. Wewe na Mama mnakula kutoka kwenye kibanda kile. Sijasahau.

Jibu langu ni kwamba siji kuifungua. Nimekwisha kuifungua, Mkawasi. Niliifungua hapa, siku ile ile Baba alipotuacha, bila kukusudia, kwenye shoka la mtu nisiyemjua. Ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi. Baba Mdogo alisema haamini maneno ya simu, na hili ni jambo analopaswa kulishika mkononi. Barua ataileta nesi mmoja wa Mwatate anayekwenda likizo. Isome yote mbele ya Baba Mdogo, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nimekuwa nikiwaambia kwamba nafanya kazi ya chuma, lakini sijawahi kueleza ni kazi gani hasa, maana nilikuwa naona haya. Karakana yetu iko upande wa Abu Hamour, nyuma ya maduka ya vipuri. Tunafua visu vya jikoni, mapanga mafupi ya watu wanaokwenda kupiga kambi jangwani, na mashoka. Hapa mtu ananunua shoka katika nchi isiyo na kuni. Wengi wanaliweka ukutani. Anayefua ni Mnepali mmoja, mtu mzima, jina lake Dil, nasi tunamwita Dili. Kwao ni wahunzi tangu mababu. Kazi yangu mimi ni kutia mapambo. Mudiri, yaani meneja wetu, alinipa karatasi yenye alama za kale za watu wa nchi za baridi, alama ambazo wahenga wao walichonga kwenye mbao na mawe. Zote ni mistari iliyonyooka, hakuna hata moja yenye duara. Chini ya kila alama pameandikwa maana yake: nguvu, safari, mavuno, na kadhalika. Mteja anachagua anazozipenda, nami nazipiga kwa tindo tatu, ndefu, ya kati na fupi, chuma kikiwa bado chekundu. Wateja wanapenda kuambiwa kwamba zimepigwa kwa mkono.

Nimefanya hivyo miaka sita. Siku za mwanzo nilikuwa najiuliza wenye alama hizi walikuwa kina nani, na kama wana wajukuu wanaojua ipi ilikuwa ya nyumba ipi. Baadaye nikaacha kujiuliza. Ukipiga alama ya mavuno mara mia nne kwa watu wasiolima, mkono unaendelea wenyewe na kichwa kinakwenda kwingine. Changu kilikuwa kinakuja nyumbani. Nilikuwa nawaza siku nitakayorudi, Baba amezeeka, ananikabidhi kile chuma chake mbele ya watu. Hilo ndilo lililonifanya nivumilie kulala watu wanane chumba kimoja. Nakwambia ili ujue ninachoandika hapa sikukiandika kwa urahisi.

Siku ile ujumbe wa Baba Mdogo ulinikuta ndani ya basi la kampuni tukielekea kazini. Nilisoma mara mbili. Tulipofika nilikwenda kwa mudiri nikamwomba ruhusa. Akaniambia likizo yangu bado ina miezi kumi na minne, na hata kama angetaka, karatasi za safari zisingekuwa tayari kabla ya Jumamosi mliyopanga kumzika. Alinipa pole, hilo nalisema kwa haki, akaniletea na maji ya baridi. Kisha akaniambia nikae kitini nipumzike au nifanye kazi, nichague mwenyewe. Nikaogopa kukaa. Nikachagua kazi.

Palikuwa na shoka moja la mteja aliyekuwa anaondoka Doha jioni ile ile. Mhandisi, mtu wa huko huko kwenye baridi, mkataba wake umekwisha. Alipokuja kuliagiza wiki iliyotangulia alisema ni zawadi ya baba yake ambaye bado anapasua kuni mwenyewe ingawa ni mzee. Nilifurahi siku hiyo, maana hatimaye lilikuwa shoka la kwenda kwenye kuni. Alichagua alama tano, zipangwe kwenye shavu la shoka kutoka juu kwenda chini. Ya tano, karatasi ilisema, ni boma la ukoo.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha rangi za chuma. Nyanya bado, papai piga, ndizi umeunguza. Wewe ulikuwa mdogo sana, ukawa unasema papai kila mara hata chuma kikiwa cheusi, naye anakuitikia kwa heshima kabisa, "Haya, fundi amesema papai." Basi Dili alitoa shoka motoni, akalishika kwa koleo juu ya fuawe, nikapiga alama ya kwanza. Likapoa, akalirudisha. Ya pili, ya tatu, ya nne, zote zikaenda sawa. Akalirudisha mara ya mwisho. Mimi nikawa nimesimama natazama rangi inavyopanda, na Baba yumo kichwani anasema, nyanya, nyanya, subiri. Likatoka. Nikafuta kiganja kwenye paja, nikapiga. Mstari mmoja uliosimama. Miwili mifupi imeegemea upande wa kushoto. Mmoja umelala chini. Kila mstari pigo moja. Karatasi sikuitazama.

Nitasema ukweli ingawa ni aibu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizofanya hapa kwa miaka sita.

Dili alilichovya ili chuma kikaze, akalisugua kwa brashi, akalileta kwenye mwanga. Kisha akaniambia kwa ile lugha yetu ya karakana, nusu Kihindi nusu Kiarabu, "Sadiki, rafiki yangu, hii ya mwisho haiko kwenye karatasi."

Nilipotazama nikaitambua. Nikamwambia ni ya baba yangu.

"Baba yuko wapi?"

"Amekufa leo."

Akaweka koleo chini. Alinitazama kama mtu anayetaka kunipiga, kisha akasema polepole, "Kwetu mtoto hagusi kazi siku kumi na tatu. Kwa nini umegusa?"

Nilichukua shoka nikaenda nalo kwa mudiri.

Nilimwomba tulifute kwa tupa au tumfulie mteja lingine. Akasema shoka limeshachovywa, mtu anaruka jioni, tupake mafuta tutie kwenye sanduku. Mteja alipokuja alilitoa, akapitisha kidole juu ya zile alama moja moja, akafika ya tano akauliza kama ndiyo ile aliyochagua. Mudiri akamwambia ni namna yake ya kale zaidi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Ningeweza kusema. Nilimwacha akafunga sanduku, akatoka, akafika kwenye gari, ndipo nikakimbia nikamgongea kioo. Akakishusha. Kiingereza chote kilinitoka kichwani, Mkawasi. Nilichoweza kumwambia ni kwamba alama ile ya mwisho ni ya baba yangu.

Akanitazama kwa wema kabisa. Akasema, "Na shoka ni la baba yangu." Akanipa mkono, akapandisha kioo, akaenda.

Nilibaki pale kwenye maegesho mpaka Dili alipokuja kunishika bega. Tuliporudi ndani alinifungia yeye mwenyewe sanduku la tindo na kuniketisha, na saa zote zilizobaki alifanya kazi yake na yangu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Pigo la kwanza baada ya Baba kufa lilipaswa kupigwa nyumbani, kwenye jembe la kubaki na Mama. Mimi nimelipiga Doha, na shoka liko mahali nisipopajua, kwa mzee ambaye sitamwona. Nilikwenda kwa mudiri tena wiki ile kuuliza anwani. Hana. Namba ya simu aliyoandikisha ilikuwa ya hapa na imefungwa.

Wiki hizi zote nimekuwa nikifikiri jinsi ya kunyamaza. Nalala chumba kimoja na kijana wa Kisumu anaitwa Otieno, analinda mlango wa jengo moja kule West Bay, anasimama kwa muda wa saa kumi na mbili na akirudi anavua viatu kama mtu anayetua mzigo mzito. Ijumaa iliyopita tulikuwa tunaanika sare nikamweleza. Akacheka kwanza. "Sasa buda, nani alikuona? Huyo msee ameshaenda na shoka lake. Wewe ngoja likizo, enda home, gonga hiyo kitu mbele ya wazee, maisha isonge. Chuma haina mdomo."

Nikamwambia Dili aliniona.

"Dili ni wa Nepal. Ataenda kukuchongea kwa nani?"

Sikukataa, nisikudanganye. Nililiwaza hilo. Miezi iliyobaki si mingi kwa mtu aliyekwisha kaa miaka sita. Ningekuja, ningepiga, Baba Mdogo angenishika mkono, na hakuna ambaye angejua. Otieno akaanika shati lake, halafu akaniuliza nani anafanya kazi kwa sasa. Nikamwambia hakuna, pamefungwa, dada yangu amekaa. Akauliza, "Kwani sista anajua kugonga?" Nikamwambia anajua kuliko mimi. Akaiweka chini sare iliyobaki, hakucheka tena.

"Basi wewe unamngojesha nini?"

Ndipo nikaenda kununua karatasi.

Sasa haya ni ya Baba Mdogo, naye anisikilize kwa upole wake wa siku zote. Baba Mdogo, shikamoo. Katika kila matanga ulitusimulia habari ya kaka mkubwa wa Babu, aliyechukuliwa kubebea wazungu mizigo wakati wa vita yao. Baba yake alikufa yeye akiwa huko, na alipopata habari alichora alama ya nyumba kwenye panga la askari. Aliporudi wazee walimwambia mkono ulioifungua alama nje hauigusi tena, ikaenda kwa mtoto aliyefuata katika nyumba ile. Huyo aliyefuata ndiye Babu. Kama si hivyo, alama isingefika kwa Baba. Mkono wangu mimi umefanya lile lile. Naomba nihukumiwe kama alivyohukumiwa yule.

Najua utasema sikutumia chuma cha alama chenyewe, nilipiga kwa tindo za watu, kwa hiyo haihesabiki. Nami nilijificha hapo kwa siku kadhaa. Lakini kuna mwaka kile chuma kilipotea kwenye majivu. Baba alikitafuta asubuhi nzima, kisha akachukua tindo akapiga alama kwenye mundu wa shangazi mstari kwa mstari. Nilimuuliza kama hiyo ni alama kweli. Akasema, "Alama haikai kwenye chuma kile. Kile ni cha kurahisisha tu. Alama inakaa hapa," akanionyesha kiganja chake, cheusi, chenye kile kidole kisichonyooka. Chuma kilipatikana jioni na hakurudia kuupiga ule mundu. Upo kwa shangazi. Nenda ukautazame.

Na utasema Mkawasi ni mwanamke. Hilo siwezi kulikana. Lakini katika simulizi yako wazee walisema mtoto anayefuata katika nyumba, sikusikia wakisema zaidi. Na kuna jambo ambalo Baba aliniambia kwenye simu yetu ya mwisho, na Mkawasi hajui kwamba najua. Nilimuuliza macho yanaendeleaje. Akasema ule ukungu umefunika yote mawili, haoni tena papai wala nyanya, tangu mavuno ya mwaka juzi. Nikashangaa, nikamuuliza basi anapigaje alama. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mkawasi ananiambia rangi, mimi nashika mkono wake, yeye anapiga. Anapiga vizuri kuliko wewe, ila usimwambie, ataringa." Baba Mdogo, yale majembe uliyopeleka sokoni miaka miwili hii na kuyasifu kwamba kaka yako bado ana mkono, ule ulikuwa mkono wake huyu anayekusomea. Sisemi haya kukuaibisha. Nasema kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeambiwa, na nikinyamaza yatakufa.

Kwa hiyo mimi, mtoto wa kwanza wa Mzee, nimetoka kwenye alama. Usiningoje. Mpe chuma cha alama, na ufunguo.

Mkawasi, sasa nakuandikia wewe peke yako ingawa wote wanasikia. Piga jembe la Mama, si kitu kingine. Tumia ile springi ya lori iliyo nyuma ya mlango, Baba alikuwa ameiweka kwa kazi nzuri. Hakutakuwa na mtu wa kukushika mkono, na utaona ni mwepesi mno, utataka kupiga kwa nguvu ili kufidia. Usifanye hivyo. Acha nyundo ianguke kwa uzito wake. Na kama ukiona mkono unatetemeka, rudisha chuma motoni, hakuna anayekukimbiza. Baba alirudisha mara nyingi kuliko watu walivyojua.

Wakikuuliza kaka yako ameumia, waambie ndiyo. Wakikuuliza amekasirika, waambie hapana.

Mama mshikie kichwa chake kwa mikono miwili kwa niaba yangu. Mwambie sikuacha kuja kwa kutopenda. Shangazi mwenye mundu msalimie, na mama mkwe wake kama bado yu hai. Msalimie mzee anayetuletea mkaa, mwambie ajiandae, atapata kazi tena. Baba Mdogo mwamkie mara ya pili, baada ya kusoma, maana ile ya kwanza huenda hakuipokea vizuri. Watoto wa jirani wanaochungulia dirishani wape nafasi wachungulie.

Mimi nitaendelea hapa mpaka miezi yangu ikatike. Nimemwomba mudiri anitoe kwenye alama anipeleke kwenye kunoa, amekubali. Dili sasa anapiga mwenyewe. Kazi ya kunoa ni ya vumbi na haina heshima, lakini jioni nalala.

Nikija, kibanda kitakuwa chako na wateja watakuwa wako, nami nitakuwa nimezoea kuishi bila fuawe. Huenda nikajisahau nikanyoosha mkono kutaka nyundo. Usinipe, hata nikikuomba kwa maneno mazuri. Niambie nikae kwenye mivukuto, nami nitakaa, na utakaposema papai nitaamini.

Ni mimi kaka yako,
Mwakio